Modi Isiyo Kwenye Daftari

Subilaga Mwaisumo aliomba kwanza, kisha akabonyeza.

Sala yenyewe haikuwa ndefu. "Bwana, ishike," alisema, kama mtu anayemwomba jirani amshikie ngazi. Akabonyeza neno SASISHA kando ya modi ya kumi na mbili, akarudisha mikono mapajani. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta. Nje, ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeshuka hadi kizingitini, na migomba yote ya uani ilikuwa imepotea isipokuwa jani moja lililogusa dirisha.

Pembeni ya kibodi lilikaa daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake Mwalimu Gwakisa alikuwa ameorodhesha kwa mkono modi mia tatu arobaini na moja, kila moja na namba yake na onyo lake, kwa utaratibu ambao zilipaswa kupakiwa. Vijana waliziita modi. Subilaga, alipokuwa bado mgeni wa mambo hayo, alizielewa kama viraka: vipande vya programu vilivyotengenezwa na watu wengine na kushonwa juu ya gemu, ili kuongeza kile ambacho wenye gemu hawakukiweka. Gemu lenyewe liliitwa Misimu. Lilikuwa gemu la kilimo kutoka nchi za baridi, na waliolitengeneza walijua ngano na tufaha tu. Kwa hiyo modi ya kwanza iliweka milima ya Rungwe. Ya pili iliweka mvua ya kwao, ile inayoanza bila radi na kukaa siku nne. Ya tano, migomba. Kuanzia mia moja na tatu zilikuwa nyumba za kijiji cha Bujenga, moja moja, kwa jinsi wenyewe walivyosimulia mlango ulitazama wapi na jiko lilikuwa upande gani. Na kuanzia mia tatu na kumi walikuwa marehemu.

Bujenga yenyewe ilikuwa chini ya udongo. Mlima ulishuka asubuhi moja ya Aprili, miaka sita iliyopita, na ulipotulia hapakuwa na kijiji. Waliokuwa mashambani walibaki. Waliokuwa nyumbani hawakubaki. Walionusurika walisambaa: Mbeya, Makambako, Dodoma, Morogoro, kila mtu kwa ndugu aliyempokea. Lakini kila Jumamosi saa kumi alasiri walivaa miwani zao za kuingilia gemu, popote walipokuwa, wakaingia Misimu, na Bujenga ilikuwepo. Moshi ulitoka majikoni. Na marehemu thelathini na wawili walikuwa mlangoni wakiwasubiri, vivuli vilivyojengwa kwa sauti zilizobaki kwenye simu, kwa video za harusi, na kwa masimulizi ya waliowafahamu. Kivuli hakikujua kwamba kimekufa. Kilikusalimia, kikakuuliza habari za shamba, kikakukumbusha jembe lake ulilolichukua.

Ukikosea mpangilio, mambo yaliharibika kwa namna za ajabu. Mwezi wake wa kwanza kazini Subilaga alipishanisha mistari miwili ya orodha, na ng'ombe wote wa kijiji wakapanda juu ya paa la kanisa wakabaki huko Jumamosi nzima. Watu waliokuwa wakilia kwa furaha wiki moja kabla walimtumia ujumbe wa hasira hadi simu ikawa moto. Ndipo alipoelewa kwa nini Mwalimu Gwakisa, kijana wa miaka ishirini na sita aliyemfundisha kompyuta kwenye darasa la jioni, aliacha kazi hii kwa ujumbe mmoja: "Mama, nimechoka kugombezwa na watu sitini kwa jambo ninalolifanya bure. Daftari liko kwenye droo ya darasani, ufunguo anao mlinzi. Nakuachia wewe kwa sababu ndiye mwanafunzi pekee aliyekuwa akisoma maelekezo mpaka mwisho."

Mstari wa kijani ulifika mwisho. Modi ya kumi na mbili iliitwa Kiunzi. Ndiyo iliyobeba mifupa ya miili yote; kila mtu ndani ya Bujenga, aliye hai na aliyekufa, alikuwa anaazima kiunzi hicho kimoja ili aweze kutembea na kuinua kikombe. Aliyeitengeneza alikuwa mtu wa mbali asiyejulikana jina, ambaye hajawahi kumjibu mtu yeyote. Kusasisha ilikuwa lazima. Miwani mpya zilikuwa zinakataa Kiunzi cha zamani, na familia tatu zilikuwa zimefungiwa nje tangu mwezi uliopita, pamoja na Bibi Tusekile wa Makambako, mwenye miaka themanini na minne, ambaye mjukuu wake alimnunulia miwani mpya kwa nia njema.

Subilaga alikuwa amesoma maelekezo mpaka mwisho. Mstari wa mwisho kabisa ulisema: modi za zamani zinazogusa mikono ya mtu zitaleta matatizo, ziondolewe kwanza.

Aliusoma mara mbili. Halafu akajiambia kwamba maneno yale yanahusu modi za watu wengine.

*

Jumamosi aliingia saa tisa na nusu ili atazame kabla watu hawajafika. Alichelewa. Mwinjilisti Asajile alikuwa ameshatangulia kutoka Dodoma, na alikuwa amepiga magoti katikati ya njia.

Marehemu wote walikuwa wamesimama nje ya nyumba zao. Walikuwa wima, nyuso mbele, mikono imenyooka kushoto na kulia, viganja chini, bila kupepesa. Thelathini na wawili, kutoka kisimani hadi mlango wa kanisa.

"Mama fundi," Mwinjilisti alinong'ona. Ndivyo walivyomwita, kwa kuwa hakuwa na mtoto ambaye wangemwita kwa jina lake. "Mama fundi, unaona? Wote wana umbo la msalaba."

Subilaga aliona. Alijua pia alichokuwa anakiona. Ni namna mwili unavyosimama ndani ya gemu lolote pale kiunzi kinapokatika. Mwili usiopata amri unanyoosha mikono na kungoja; walio hai hupata amri kutoka kwenye miwani zao, vivuli havina miwani. Mwalimu alikuwa amewaonyesha darasani kwa kikaragosi cha kuku, wanafunzi wakacheka.

Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini watu walianza kutokea, mmoja mmoja, na kila aliyetokea alishika kichwa au kuanguka magoti. Mtu alianzisha wimbo. Mwinjilisti Asajile alisimama, akasema kwamba kwa miaka sita wameuliza wapendwa wao wako wapi, na leo wamejibiwa. Wanawake walilia kama walivyolia wiki ile ya udongo. Subilaga akafunga mdomo.

Bibi Tusekile alikuwa wa mwisho kuingia, mara yake ya kwanza kwa miwani mpya. Alipita katikati ya waliopiga magoti bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja hadi kwa mwanawe Lugano, akasimama mbele yake.

"Lugano. Lugano, mwanangu, mimi mama."

Mikono ya kivuli ilibaki imenyooka.

Bibi akageuka. "Nani amemfanya hivi mwanangu?"

"Bibi, ni ishara," Mwinjilisti alisema kwa upole. "Ni msalaba."

"Msalaba gani? Mtoto anaonekana kama nguo iliyoanikwa!" Mtu mmoja alicheka pembeni, akajikohoza. "Lugano nimemzaa mimi. Huyu hakuwahi kunyoosha mikono hivi hata siku moja, hata kanisani alikuwa anaiweka mfukoni. Subi! Yuko wapi Subi?"

"Niko hapa, bibi."

"Mshushe mikono."

"Nitajaribu, bibi."

"Usijaribu, mshushe. Si Jumatatu hii, ile inayofuata, wananipasua moyo kule Dodoma. Daktari ameniambia maneno mengi mazuri, nikajua hana uhakika. Nimemngoja huyu mwezi mzima mlangoni kwenu kama mwombaji. Nataka aniite 'we mama we' kama alivyokuwa ananiita, basi. Sitaki ishara."

"Jumamosi ijayo atakuita, bibi," Subilaga alisema.

Watu wengine walimtazama kwa macho ya lawama, kana kwamba ameahidi kubomoa kanisa.

*

Kuna njia moja tu ya kumtafuta mkosaji kati ya modi mia tatu arobaini na moja, nayo ni kugawa nusu. Unazima nusu ya kwanza, unaingia kutazama. Ubovu ukibaki, mkosaji yumo katika nusu iliyowaka. Ukitoweka, yumo katika ile uliyoizima. Unachukua nusu yenye mkosaji, unaigawa tena. Kwenye karatasi inaonekana kazi ya saa chache. Kompyuta ya Subilaga ilichukua dakika arobaini kuijenga Bujenga kila alipobadilisha kitu, na mara nyingine ilikata tamaa katikati akaanza upya.

Jumatatu alizima zaidi ya nusu ya daftari, nyumba zote na marehemu wengi. Akaingia. Palikuwa na milima na mvua ya siku nne na majani marefu, na wachache aliowaacha wamesimama katikati ya majani, mbali mbali, mikono imenyooka, maji yakiwachuruzika viganjani. Hapakuwa na mlango hata mmoja. Alitembea kati yao akilitaja jina la kila mmoja kwa sauti, kwa sababu aliona si vema kupita kimya.

Jumanne aliwazima hao, akawasha wengine. Jumatano alizima mvua, akazima milima, na wote waliobaki wakasimama kwenye uwanda mweupe usio na mwisho. Alimzima Lugano. Alimzima mama yake Mwinjilisti. Aliwazima mapacha wa kwa Mwakyoma, waliokuwa na miaka minne, na kabla ya kubonyeza aliomba radhi, hakujua anamwomba nani.

Kati ya jaribio moja na jingine alipika chai ya kikombe kimoja. Wakati wa kusubiri alisikiliza feni ya kompyuta. Dada yake wa Mbeya alipiga simu akauliza, "Bado unacheza gemu?" na Subilaga akasema ndiyo, kwa kuwa maelezo yangekuwa marefu.

Hadi Alhamisi mchana kila modi kwenye daftari ilikuwa imezimwa mara moja angalau, na bado mikono haikushuka. Modi moja tu haikuwahi kuzimwa. Haikuwa kwenye daftari. Alikuwa ameipa namba mwenyewe, mia tatu arobaini na mbili, na ilipakiwa mwisho kabisa, juu ya nyingine zote.

Ilikuwa na mistari arobaini. Ilikuwa programu pekee ambayo Subilaga aliwahi kuiandika mwanzo hadi mwisho, kwa aliyojifunza jioni kwa jioni akiwa na miaka hamsini na tatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuisahihisha. Ilifanya jambo moja. Kila alipoingia nyumbani kwake ndani ya Bujenga na kupiga magoti, kivuli cha mumewe Ambakisye kilikuja kikapiga magoti kando yake, kikafumba mikono, na kwa sauti ya Ambakisye kikasema, "Bwana, unipokee na mimi." Halafu kikaitikia amina.

Ambakisye hakuwahi kusema hivyo. Alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, mtu wa utani, mkarimu kwa kila mtu, na kwa miaka ishirini na saba ya ndoa, kila mkewe alipopiga magoti, alisema, "Maliza tu, mimi nitakuwa nje," akatoka. Hakumzuia wala hakumdhihaki. Alitoka tu. Asubuhi ya udongo Subilaga alikuwa kwenye maombi ya alfajiri, ng'ambo ya pili ya mto, ambako ardhi haikutikisika hata kidogo. Ambakisye alikuwa nyumbani. Tangu hapo alikuwa amemuuliza Mungu swali moja, kama alimpokea Ambakisye, kwa maneno yale yale, na Mungu alikuwa amenyamaza. Mwezi wa Februari akachoka kungoja jibu, akaliandika mwenyewe.

Ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu, Mwalimu Gwakisa alikuwa ameandika: MAREHEMU ASITIWE MDOMONI NENO ASILOWAHI KUSEMA.

*

Alimpigia Gwakisa Alhamisi alasiri. Hakutegemea apokee. Alipokea.

"Mama fundi! Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Usiniite mwalimu, nauza pampu za maji siku hizi. Nimesikia mmepata msalaba huko. Mjomba amenitumia picha nane. Kiunzi kimekatika?"

"Kimekatika."

"Umegawa nusu kwa nusu?"

"Siku nne."

"Ukazima zote?"

"Zote."

Nyuma ya Gwakisa mtu alikuwa anabishana bei ya bomba. "Mama, zote zilizo kwenye daftari, au zote zilizo kwenye kompyuta?"

Subilaga alitazama dirisha. Ukungu ulikuwa umerudi. "Zilizo kwenye daftari," alisema.

"Haya. Hiyo ya pembeni inafanya nini?"

"Inafumba mikono."

"Ya nani?"

"Ya Ambakisye. Anapiga magoti. Anaomba."

"Kwa sauti yake?"

"Kwa sauti yake."

Alingoja agombezwe. Angependa agombezwe. Lakini Gwakisa alisema, "Ngoja nitoke dukani," na kelele zikapungua. "Mama, ule wino mwekundu sikuuandika kwa ajili yenu. Baba alifariki akisema mambo ya kompyuta ni uvivu. Nilipomjenga, nikamwongezea sentensi moja. 'Umefaulu, Gwaki.' Nikawa naingia kila siku kuisikiliza. Wiki tatu nilikuwa na furaha sana. Wiki ya nne nilijaribu kukumbuka alivyokuwa anaongea zamani, nikakuta sikumbuki. Kila nikimsikia kichwani, ananisifu. Baba yangu hakuwa mtu wa kusifu, mama. Nilikuwa nimempoteza mara mbili."

"Ulifanya nini?"

"Niliifuta, nikaandika wino mwekundu, nikaendelea kugombezwa." Akacheka bila furaha. "Sikiliza. Una njia mbili. Ile nakala ya Kiunzi cha zamani unayo?"

"Ninayo. Uliandika niweke nakala kabla ya kugusa."

"Basi irudishe. Mikono itashuka, mzee ataendelea kuomba, na hakuna atakayejua. Ila wenye miwani mpya hawataingia. Utawaambia imeshindikana, watakuamini, maana hawajui chochote."

"Na Bibi Tusekile?"

"Hataingia."

"Na njia ya pili?"

"Unaijua. Na haitoshi kuizima, mama. Mabaki yake yako ndani ya kivuli. Itabidi umrudishe mzee kwenye nakala ya kabla ya Februari. Yote mliyoongea tangu hapo hatayajua."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi sikuchagulii. Nimeacha kuwachagulia watu, sasa hivi nawachagulia mabomba." Halafu sauti ikalainika. "Uniombee, mama fundi."

"Nakuombea kila siku, mwalimu. Uko kwenye orodha."

Usiku ule hakugusa kompyuta. Ijumaa asubuhi aliandika ujumbe kwa Bibi Tusekile: Bibi yangu, nimehangaika juma zima, lakini miwani yako na kijiji havikubaliani. Aliusoma. Kila neno lingeweza kuaminika. Alipiga magoti kando ya kitanda na kuuliza swali lake la miaka sita, na mara hiyo hakulimaliza, kwa sababu alipotaka kumwona Ambakisye usoni, alimwona amefumba macho na kufumba mikono, mpole kama picha ya ukutani. Alijitahidi kumwona anavyocheka, hakumpata. Alijitahidi kuusikia ule utani wake wa nyuki na askofu, ambao ulimkera kwa miaka ishirini, na akakumbuka mwanzo tu.

Alikaa pale magotini hadi miguu ikafa ganzi. Halafu akaenda kwenye kompyuta, akafuta ujumbe, akafungua folda ya modi ya mia tatu arobaini na mbili. Aliisoma mistari yote arobaini, pole pole, kama mtu anayesoma barua kabla ya kuichoma. Katika mstari wa kumi na tisa palikuwa na kosa dogo ambalo hakuwahi kuliona. Akalisahihisha kwanza, ndipo akaifuta.

*

Jumamosi saa kumi walikuwa wengi kuliko kawaida. Habari za msalaba zilikuwa zimeenea, na hata waliokuwa hawaji tena walikuja. Walikuta moshi majikoni, kuku njiani, na marehemu wao wamekaa, wameinama, wanachambua maharage, wanabishana.

"Ameuondoa msalaba," mtu mmoja alisema, kama aliyeibiwa.

Kabla Mwinjilisti Asajile hajasema lolote, Subilaga alisimama kwenye ngazi ya kanisa. Chumbani kwake alikuwa ameshikilia meza, lakini ndani ya Misimu mwili wake ulisimama imara, na alishukuru.

"Ndugu zangu, haikuwa ishara," alisema. "Ilikuwa hitilafu, na niliisababisha mimi. Nilimwongezea mume wangu jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa hai. Nilimfanya aombe. Modi yangu ilikamata mikono yake, na kwa kuwa wote mnaazima kiunzi kimoja, ikakamata mikono ya wenu pia. Nilijua Jumamosi iliyopita, nikanyamaza. Juma zima nimewazima wa kwenu mmoja mmoja kumtafuta mkosaji, modi yangu nikaiacha. Naomba mnisamehe."

Mwanamke wa Morogoro, ambaye alikuwa amewaalika majirani zake waje kuona msalaba, alivua miwani, na mwili wake ukatoweka mahali pale pale aliposimama. Wawili wengine wakafuata. Mwinjilisti Asajile alitazama chini.

"Nilihubiri juu yake," alisema mwishowe. "Hata kanisani kwangu Dodoma."

"Najua, Mwinjilisti."

"Ungeniambia, mama."

"Nilipaswa kukuambia."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, akaondoka kuelekea nyumbani kwa mama yake, aliyekuwa anamwita kwa sauti kubwa akachukue chakula. Na kutoka upande wa kisimani ikasikika sauti ya mwanamume anayecheka, "We mama we! Umepotelea wapi?" na sauti ya Bibi Tusekile ikimjibu kwa matusi ya mapenzi ambayo hayawezi kuandikwa.

Baadaye bibi alikuja. Subilaga alikuwa bado amekaa kwenye ngazi.

"Ndaga, Subi," alishukuru kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, bibi. Ameita?"

"Ameita mara sita. Sasa hata wakinipasua vipande viwili." Akaketi kando yake kwa kuguna, ingawa mwili wa gemu hauna maumivu. "Kwani yule Ambakisye wa mwanzo alikukosea nini?"

"Hakunikosea, bibi. Alikuwa anatoka nje."

"Najua alikuwa anatoka. Mlango wangu si ulitazama ua wenu? Mimi ndiye niliyemsimulia Gwakisa habari zake zote za pale uani. Hukuwahi kumtazama akiwa huko?"

"Nilikuwa nimefumba macho, bibi. Nilikuwa naomba."

"Basi nenda nyumbani," alisema Bibi Tusekile.

Nyumba yao ilikuwa ya tatu baada ya kisima. Ambakisye alikuwa ndani, kofia yake ya sufu kichwani, anakwangua mzinga mpya magotini. Aliinua uso na kumtazama kama mtu aliyemwona jana tu, na kwake ilikuwa kabla ya Februari.

"Umekuja. Nimekuambia kuhusu nyuki walioingia kwenye joho la askofu?"

"Niambie."

Alimwambia. Ulikuwa utani mbaya kama zamani, na ulikuwa na sehemu ya katikati ambayo Subilaga alikuwa ameisahau kabisa. Alicheka hadi miwani ikaingia ukungu. Kisha saa yake ya sala ikafika, akatandika khanga sakafuni, akapiga magoti.

Ambakisye aliweka mzinga chini. "Maliza tu," alisema, "mimi nitakuwa nje."

Akatoka.

Subilaga aliinamisha kichwa. Alianza, "Baba yetu," akaishia hapo. Taratibu, kama mtoto anayejua anafanya asichoruhusiwa, alifumbua macho na kugeuka mlangoni.

Ambakisye alikuwa amekaa kwenye rundo la kuni, mgongo wima, haongei na mtu, hachongi chochote. Kuku alipita mbele yake akamfukuza kwa mguu, kimya kimya, asipige kelele. Kofia alikuwa ameivua kama mtu aliye kanisani, iko mkononi.

Ilibaki mkononi muda wote. Subilaga aliomba sana siku ile, akawaombea watu wote wa kwenye orodha na wengine wasiokuwamo, na hakufumba macho hata mara moja.